Lisemwalo lipo? Ngoja kwanza

Hebu tuanze na swali, porojo zitafuata. Usikimbilie jibu.

Mwaka jana, asilimia 40 ya abiria wa kivuko kimoja walikuwa wanafunzi. Mwaka huu wanafunzi ni asilimia 30 ya abiria. Idadi ya wanafunzi wanaopanda kivuko hicho haikupungua. Kati ya haya matano, ni lipi ambalo lazima liwe kweli?

(a) Wanafunzi wengi wamehamia kwenye daladala.
(b) Abiria wa kivuko wamepungua kwa sababu ya daraja.
(c) Nauli ya wanafunzi imepanda.
(d) Abiria wa kivuko kwa jumla wameongezeka.
(e) Wanafunzi hawakipendi tena kivuko kama zamani.

Nimewatega jamaa zangu kadhaa kwa swali hili, wote watu wa digrii zao. Wengi wameangukia (b). Sababu yao naielewa. Mtu wa Dar akisikia kivuko anaiona Kigamboni, na akiiona Kigamboni anakumbuka Daraja la Nyerere lililofunguliwa mwaka 2016. Lakini rudi usome tena. Kigamboni imetajwa wapi? Daraja limetajwa wapi? Tumelijenga sisi wenyewe kichwani, bila mkandarasi.

Jibu ni (d). Chukua mfano wa abiria 1,000 mwaka jana: wanafunzi 400. Mwaka huu wanafunzi hawakupungua, kwa hiyo ni 400 au zaidi, na hao ndio asilimia 30 tu ya abiria wote. Ili 400 wawe asilimia 30, abiria wote lazima wafike kama 1,333. Hakuna ujanja wa kulikwepa hilo. Hayo mengine manne yanaweza kuwa kweli, yanaweza kuwa uongo, na maelezo tuliyopewa yanabaki palepale.

Haya, kwa nini nawasumbua na hesabu za vivuko? Ni kwamba najiandaa na GMAT, ule mtihani unaotakiwa na vyuo vingi vya biashara duniani. Nataka kwenda kusomea uendeshaji wa vyombo vya habari, na bila alama nzuri ufadhili nitausikia kwa wenzangu. Ada ya mtihani inalipwa kwa dola, mshahara wangu unaingia kwa shilingi, kwa hiyo sina mpango wa kuurudia. Katika toleo la sasa, sehemu ya lugha ina maswali 23 kwa dakika 45, yaani chini kidogo ya dakika mbili kwa kila swali. Humo ndimo yanamokaa maswali ya aina hii, yanayokupa maelezo mafupi na kukuuliza: kutokana na haya tu, nini lazima kiwe kweli?

Mitihani mingine ina namna zake. Ule wa Watson-Glaser, unaotumiwa na kampuni nyingi za mawakili pale London kuchuja waombaji, una sehemu ya kuhitimisha yenye majibu ya ngazi tano: kweli, huenda ni kweli, taarifa hazitoshi, huenda si kweli, si kweli. Mimi naipenda sana hiyo ngazi ya katikati. Natamani ingebandikwa ukutani kwenye kila chumba cha habari.

Baada ya kusaga maswali wiki kadhaa, mitego nimeanza kuifahamu kwa sura. Wa kwanza ni huo wa daraja: jambo unalolijua wewe lakini halimo kwenye maelezo. Wa pili ni maneno makubwa. Ukiona "wote", "daima", "pekee" au "hakuna", simama uulize kama maelezo yana nguvu ya kuyabeba. Wa tatu ni kugeuza sentensi kichwa chini miguu juu. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Tukubali kwamba kila penye mvua pana mawingu. Basi pasipo na mawingu hapana mvua, hilo ni halali kabisa. Ila mawingu yakiwepo huwezi kuapa kwamba itanyesha. Waulize waliowahi kubeba mwavuli kutwa nzima mwezi wa nne.

Dawa yake ni moja. Chukua jibu, kisha jaribu kuunda dunia ambamo maelezo yote ni kweli na jibu hilo ni uongo. Ukifanikiwa, litupe. Ukishindwa kabisa, hilo ndilo.

Msidhani hili ni suala la akili nyingi au chache. Mwaka 1931 na 1932 mwanasaikolojia wa Urusi, Alexander Luria, alikwenda Uzbekistan kuwahoji wakulima. Aliwaambia kwamba kaskazini ya mbali, kwenye theluji, dubu wote ni weupe. Na Novaya Zemlya iko kaskazini ya mbali. Je, dubu wa huko wana rangi gani? Wengi wa wale wasiopita shule walikataa kujibu. Hawajafika huko, watajuaje? Aulizwe aliyewaona. Waliosoma hata kidogo walijibu bila shida: weupe.

Wapo wanaoisoma habari hiyo na kuwacheka wale wakulima. Mimi nikiisoma kama ripota navua kofia. Kwenye mtihani wangepata sifuri, maana pale sharti uyaamini maelezo kwanza. Lakini kazini kwangu, mtu anayesema "sijaona, siwezi kusema, muulize aliyeona" ni chanzo cha dhahabu.

Maana huku mtaani kosa lina bei. Kuna fundi simu jirani yetu, kijana mpole, alikuwa na meza yake nje ya duka la dawa. Siku moja polisi walisema watu watatu wanahojiwa kuhusiana na wizi wa simu. Kesho yake gazeti moja, si letu, likaandika kwamba genge la wezi wa simu limenaswa. Jina la fundi likawemo. Pima mwenyewe: kutokana na "wanahojiwa", nini lazima kiwe kweli? Kwamba wanahojiwa. Basi. Genge halimo, wezi hawamo, hata mashtaka hayamo. Fundi aliachiwa siku ya tatu bila kushtakiwa, na habari hiyo haikuandikwa popote. Wateja hawakurudi. Meza ilikaa tupu mwezi mzima, kisha akahama. Mama yake bado yupo mtaani, na nimemsikia mtu akimwambia usoni kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Methali hiyo inasikika tamu, lakini hapo ilitumika kama hukumu. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Na huyu hata kushtakiwa hakushtakiwa.

Ndiyo maana siku hizi nikisoma taarifa ya polisi, ya wizara au ya kampuni, nachora mstari chini ya kile kilichosemwa hasa, halafu naandika pembeni nilichoongeza mimi. Safu ya pembeni huwa ndefu, na mara nyingi ndiyo yenye utamu wa kuuza gazeti. Mhariri akiniuliza mbona kichwa cha habari kimepoa, namwonyesha karatasi. Kuna siku anakubali, kuna siku tunabishana hadi gazeti linachelewa kwenda mtamboni.

Nawaachia la wikiendi. Zaidi ya nusu ya abiria wa basi moja wana simu mkononi. Zaidi ya nusu ya abiria wa basi hilohilo wamesimama. Je, lazima awepo japo mmoja aliyesimama na ana simu mkononi? Chora abiria kumi kwenye karatasi kabla hujanijibu. Na tafadhali, asiniambie mtu kwamba basi hilo ni la Mbagala.