Herufi Tatu Mgongoni mwa Bakteria

Maziwa yanapoganda, wafanyao kazi ile hawaonekani. Miongoni mwao aghalabu yumo Lactococcus lactis, ambaye watengenezaji wa jibini walimtumia kwa dahari bila kumjua jina. Ni kiumbe mpole, hana sifa ya kuleta maradhi. Huyu ndiye aliyeteuliwa na wataalamu wa Glasgow na Valencia, katika makala waliyoitoa mwaka 2014, awe tandiko la seli.

Seli nyingi za mwili haziishi zikielea. Hutaka pa kushika, na zinaposhika husoma. Moja ya vishikio hivyo ni protini iitwayo fibronektini. Mwaka 1984 Pierschbacher na Ruoslahti walionesha kwamba siri ya mshiko wake imo katika kipande kidogo mno, asidi za amino tatu ambazo wanakemia huziandika R, G na D, pamoja na ya nne inayozifuata. Protini ndefu kama utenzi, na seli yanaswa na neno moja! Washairi watalielewa hilo upesi, pengine kwa husuda.

Basi bakteria akatiwa jini ya kipande cha fibronektini, naye akakivaa kwa nje. Bakteria hao wakajitandaza utando mwembamba, na seli changa za misuli ya panya zilipowekwa juu yao zikashika, zikaungana, zikaanza kuwa misuli. Mwaka 2018 wakafundishwa zaidi: watoe BMP-2, protini iamrishayo mfupa, ila pale tu wanapopewa nisini. Seli shina za binadamu zikashika njia ya mfupa. Nisini yenyewe ni zao la bakteria wa aina hiyo hiyo, nayo hutumika kuhifadhi jibini.

Plastiki iliyopakwa protini husema neno lake mara moja, ikanyamaza. Tandiko hili hungoja kuulizwa, na hapo ndipo thamani yake.

Lakini tandiko lililo hai lina njaa. Bakteria huzaana upesi kuliko seli, hula chakula kile kile na kukichachusha. Ndiyo maana hutiwa dawa ya kuwazuia wasiongezeke, bila kuwaua. Katika chombo cha maabara hayo yatosha. Aliyelazwa na mguu uliovunjika, akiambiwa kwamba mfupa wake utaungwa na wageni hawa, atauliza mambo mawili tu: wataondoka lini, na nani atawatoa.