Moshi Mzuri wa Thames

Asubuhi moja ya Machi 1900, Claude Monet aliamka katika Hoteli ya Savoy, London, akakuta hakuna ukungu hata chembe. Alishtuka, yaani alidhani turubai zake zote ndio basi tena. Kisha taratibu watu wakaanza kuwasha moto, moshi ukarudi juu ya mto Thames, naye akapumua. Hayo alimwandikia mkewe mwenyewe.

Tangu nisome habari hiyo siwezi tena kuzitazama picha zake za London kwa raha ileile. Majengo ya Bunge peke yake aliyachora kwenye turubai 19, akiwa ng'ambo ya mto, kwenye baraza ya Hospitali ya St Thomas. Hebu fikiria, hospitali! Sijawahi kusimama mbele ya hata moja. Nazijua kwa vitabu na skrini. Ninayoirudia ni ile ya jua kuzama. Jumba la mawe halina mawe, limebaki kivuli cha zambarau kinachoelea, na jua ni kama kaa lililofunikwa majivu. Mto ndio wenye shughuli: unachukua ule wekundu na kuuvunjavunja mpaka miguuni pako. Ukiikuza unaona michapo ya brashi tu. Ukiipunguza, mji unarudi.

Ni nzuri, sibishi. Lakini wekundu ule umepita kwenye masizi ya makaa ya mawe, na watu walikuwa wanayavuta. Monet mwenyewe aliugua mapafu hukohuko mwaka 1901. Picha nyingi akazimalizia kwake Giverny. Desemba 1952 moshi wa namna hiyo uliua watu wasiopungua 4,000 London, ndipo sheria ya hewa safi ikapitishwa, 1956.

Mimi nimelelewa na shangazi, mama ntilie anayepikia kuni mpaka leo. Alfajiri jua likipenya kwenye matundu ya bati, moshi wa jikoni kwake unasimama kama nguzo za dhahabu. Na anakohoa, miaka sasa.

Juzi nilimwonyesha picha ya Bunge kwenye simu. Akaisogeza mbali, akaikaribisha.

"Hao wanachoma nini, mwanangu?"

"Makaa ya mawe, shangazi."

"Na huyu mchoraji alikaa wapi?"

"Hospitali."

Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata, akanirudishia simu, akaenda kugeuza maandazi.