Pointi gadi mpya, mpira mmoja

Leo hatuzungumzii seva wala lugha za programu. Leo ni mpira wa vikapu. Ila msiondoke, maana kompyuta itaingia kwa mlango wa nyuma, na kazi yangu pia imo humu ndani.

Swali langu ni hili: timu ikibadilishana wachezaji na timu nyingine, ikapata pointi gadi mpya, anaingiaje katika kikosi? Kwa wasiofuata mchezo huu, pointi gadi ni yule mchezeshaji anayepanda na mpira, anawatazama wenzake wanne, kisha anaamua mpira uende kwa nani. Kumleta mchezeshaji mpya si sawa na kumleta mtu wa kuruka chini ya kikapu. Ni kama kubadilisha ile sehemu ya programu ambayo sehemu nyingine zote huiita. Ukiigusa hiyo, umegusa zote.

Mfano ninaoupenda ni wa Phoenix Suns. Tarehe 16 Novemba 2020 walimchukua Chris Paul kutoka Oklahoma City Thunder. Wao wakawatoa Ricky Rubio, Kelly Oubre, Ty Jerome na Jalen Lecque, pamoja na haki ya kuchagua chipukizi wa raundi ya kwanza. Paul alikuwa na umri wa miaka 35, na kwa mchezeshaji huo ni uzee. Suns nao walikuwa hawajaonja mechi za mchujo tangu 2010.

Msimu huo, ambao ulipunguzwa hadi mechi 72 kwa sababu ya korona, walishinda mechi 51 na kupoteza 21. Msimu uliotangulia walikuwa na ushindi 34 na vipigo 39. Wakafika fainali ya NBA mwaka 2021, wakaongoza mechi mbili kwa nunge dhidi ya Milwaukee Bucks, kisha wakapoteza nne mfululizo. Kombe hawakulipata, lakini kutoka walikokuwa, ilikuwa safari ndefu.

Sasa hebu tuangalie takwimu, maana hapo ndipo nilipoanza kukuna kichwa. Msimu wake wa pekee Phoenix, Rubio alikuwa na wastani wa pasi 8.8 zilizozaa vikapu kila mechi. Paul alipochukua nafasi yake, wastani wake ukawa 8.9. Yaani ukiangalia safu hiyo peke yake kwenye jedwali, hakuna kilichobadilika! Mtu akikuonyesha namba hizo bila majina, utasema timu imebadilisha betri kwa betri ya aina ileile.

Tofauti ilikuwa mahali pengine. Rubio alitia kikapuni chini ya asilimia 42 ya mitupo yake, Paul karibu asilimia 50. Chukua ule mchezo wao wa kila siku: Deandre Ayton, yule mrefu, anakuja kusimama kama ukuta mbele ya mlinzi wa Paul, kisha anageuka kukimbilia kikapu. Mlinzi mrefu wa timu pinzani anabaki na maswali mawili kwa wakati mmoja. Akirudi nyuma na Ayton, Paul anasimama mita nne au tano kutoka kikapuni na kutupa, na mitupo hiyo anaijua kama njia ya kwao. Akimfuata Paul, mpira unarushwa juu na Ayton anaushindilia. Mlinzi wa pembeni akija kusaidia, Mikal Bridges au Jae Crowder amebaki wazi kwenye kona. Kwa Rubio, mlinzi alikuwa na ruhusa ya kurudi nyuma na kumwacha atupe. Pasi ni zilezile, lakini mlango mmoja uliokuwa umefungwa ukawa wazi.

Tusikimbie lakini. Sisi waandishi wa programu tuna kanuni: ukibadilisha vitu vitano kwa siku moja na mfumo ukapona, usiape kwamba unajua dawa ni ipi. Crowder mwenyewe aliingia mwezi huohuo wa Novemba 2020 akitokea Miami. Ayton na Bridges walikuwa vijana wanaokua. Kocha Monty Williams alishawahi kumfundisha Paul kule New Orleans, kwa hiyo hawakuhitaji kujuana upya. Halafu Rubio asidharauliwe: kabla yake Suns walishinda mechi 19 tu katika 82, msimu wa 2018/19. Yeye ndiye aliyewazoesha vijana kusubiri pasi ya mchezeshaji.

Kuna watu wanaojaribu kutenganisha mchango wa kila mchezaji kwa kuhesabu tofauti ya alama timu inapokuwa naye uwanjani na inapokuwa bila yeye. Niliwahi kuandika programu ndogo ya kufanya hivyo kwa Python. Ni hesabu nzuri, lakini ina shida moja kubwa. Wachezaji watano wa kwanza hucheza pamoja muda mwingi, kwa hiyo kompyuta inashindwa kujua sifa ni za nani. Wakiingia pamoja na kutoka pamoja, kwake wao ni mtu mmoja mwenye miguu kumi.

Baada ya kuzungusha hesabu hizo jioni nyingi, niliacha kumtazama Paul. Nikaanza kumtazama Devin Booker.

Booker ndiye aliyekuwa nyota wa Suns, kijana wa nyumbani aliyevumilia miaka ya vipigo, na mpira ulikuwa mikononi mwake sana. Msimu wa 2019/20 alikuwa na wastani wa alama 26.6 na pasi 6.5 zilizozaa vikapu. Paul alipofika, alama zikawa 25.6 na pasi 4.3. Alama moja na pasi mbili zilishuka, na timu ikapanda kutoka nafasi ya kumi hadi nafasi ya pili kanda ya Magharibi. Booker alijifunza kuanza shambulizi bila mpira, kuzunguka nyuma ya kuta za wenzake na kupokea akiwa tayari kutupa. Nadhani swali la "huyu mpya anaingiaje" nusu yake hujibiwa na yule aliyekuwa na mpira kabla yake.

Hili liliniingia kwa sababu mwaka jana lilinifika kazini. Kitengo chetu kilibadilishana watu na kitengo kingine. Mwenzetu mmoja akaenda kule, na kwetu akaja dada mmoja mwenye uzoefu wa miaka zaidi ya kumi. Akapewa usimamizi wa mfumo wa malipo ambao mimi nilikuwa nimeujenga na kuushika kwa miaka mitatu. Zamani, mwenye swali lolote kuhusu malipo alikuja mezani kwangu. Wiki ya pili watu wakaanza kuipita meza yangu wakienda kwake. Iliniuma. Na kwenye simu nilikuwa na barua pepe ya mwajiri mwingine ikingoja jibu, mshahara ukiwa juu kidogo.

Sikuijibu. Usiku ule nilirudia kutazama mechi za Suns na Los Angeles Clippers, fainali ya kanda ya Magharibi ya 2021. Paul alikosa mechi mbili za kwanza kwa sababu ya masharti ya korona. Kwa mtu wa takwimu hiyo ni zawadi: ile sehemu imechomolewa, tuone mfumo unafanyaje. Mechi ya kwanza Booker aliuchukua mpira wake tena. Alipata alama 40, akadaka mipira 13 na kutoa pasi 11 zilizozaa vikapu, na Suns wakashinda. Ya pili, Cameron Payne wa benchi alifunga 29 na kutoa pasi 9, na Ayton akamalizia kikapu cha mwisho zikiwa hazijabaki hata sekunde moja kamili. 104 kwa 103. Kisha Paul akarudi, na Booker akampa mpira. Katika mechi ya sita Paul alifunga alama 41 na kuwapeleka fainali.

Kwa hiyo aliyeachia mpira hakuwa amesahau kuucheza. Hilo ndilo nililohitaji kuliona.

Asubuhi yake nilimwendea yule dada nikamwuliza, "Dada, nisiposhika usukani, unanihitaji wapi zaidi?" Hakufikiri sana. "Ulinganishaji wa miamala. Hakuna anayeujua kama wewe, na mimi sina muda wa kuujua." Nikahamia huko, kona yangu. Desemba alipokwenda likizo kwao Kakamega, mwisho wa mwezi ulinikuta na funguo zote. Watu wakarudi mezani kwangu wiki mbili nzima, malipo yakapita. Aliporejea Januari nilimkabidhi. Mkono ulikuwa mzito kidogo, lakini nilimkabidhi. Yule mwajiri mwingine nilimwandikia Februari kumshukuru na kumwambia nabaki.

Si kila mara huwa hivi, na ningekuwa mwongo kuwaambia ni suala la moyo mwema tu. Mwaka 2021 Lakers walimchukua Russell Westbrook kutoka Washington, ambako alikuwa ametoka kuwa na wastani wa alama 22.2, mipira 11.5 ya kudaka na pasi 11.7. Lakers walikuwa na LeBron James, ambaye naye hucheza vizuri zaidi mpira ukiwa mikononi mwake. Hapa ilibidi mmoja wao awe hatari bila mpira, na Westbrook msimu ule alitia asilimia 29.8 tu ya mitupo ya alama tatu. Walinzi wakamwacha, wakajazana mbele ya LeBron. Lakers wakashinda 33 na kupoteza 49. Ni kweli majeraha yalichangia: LeBron alicheza mechi 56 na Anthony Davis 40. Lakini hata wakiwa wazima wote, kona ya Westbrook haikumtisha mtu. Hakuna heshima wala nia njema inayoweza kujaza pengo hilo.

Kwa hiyo msimu ujao wakibadilishana tena, na gumzo likawa ni wastani wa huyu mpya, nyinyi jiulizeni mambo matatu. Nani alikuwa na mpira kabla yake? Je, huyo anaweza kumtisha mlinzi akiwa hana mpira? Na kocha amempa kazi gani ya kufanya huko konani? Majibu hayo hayamo kwenye jedwali la alama. Ni lazima utazame mechi, na kwetu huku hiyo maana yake ni kuamka saa kumi alfajiri, macho mekundu, chai mkononi.

Basi, wiki ijayo tutarudi kwenye seva zetu. Kwaherini kwa sasa.