Kabla Hujaongeza Maji



Mama Mchungaji aliwahi kuniletea ua dogo la zambarau, afrikan vayoleti, kutoka kitalu cha kando ya barabara. Akaniambia, "Hili ni lako, Baba. Litunze." Nikalitunza kwa bidii! Kila asubuhi baada ya maombi, kikombe kizima cha maji.

Baada ya wiki chache majani yakalegea. Nikasema lina kiu, nikaongeza maji. Yakalegea zaidi. Siku moja nililishika, likang'oka lote mkononi. Mizizi ilikuwa imeoza.

Mpendwa, sikia hili: ua lenye kiu na ua lililozidiwa na maji hulegea vilevile. Kwa macho huwezi kujua. Ni lazima utie kidole kwenye udongo.

Nilisimama pale na mizizi mkononi, nikamkumbuka mwanangu wa kidato cha pili. Alikuwa ameacha kuzungumza nami. Nami kila akinyamaza, namhubiria. Akiinamisha kichwa, naongeza mstari mwingine. Sikuwahi kumuuliza, "Mwanangu, kuna nini?" Wakolosai 3:21 inatuonya sisi akina baba tusiwachokoze watoto hadi wakate tamaa. Mstari huo nimeuhubiri mara nyingi. Siku hiyo ulinihubiri mimi.

Jioni niliketi naye, nikanyamaza. Ilichukua muda mrefu. Kisha akaanza mwenyewe.

Ua hili asili yake ni kwetu Afrika Mashariki, kwenye milima kama Usambara na Taita. Huko huota kwenye miamba yenye kivuli, ambapo maji hupita bila kutuama. Kwa hiyo ukienda kununua, chagua lenye majani imara na vichipukizi vingi ambavyo havijafunguka. Kagua chini ya majani usije ukabeba wadudu. Chungu kiwe kidogo, chenye tundu chini. Liweke karibu na dirisha, lakini lisichomwe na jua la mchana. Udongo ukikauka juu, weka maji kwenye kisahani, lijinywee kutoka chini kwa nusu saa, kisha umwage yanayobaki. Usiyamwagie majani maji baridi, yatapata madoa.

Mama Mchungaji aliokoa jani moja zima kutoka kwa lile lililokufa, akalichomeka kwenye udongo mwepesi. Jani moja tu! Baada ya miezi kadhaa vikatokea vimche pembeni. Leo limechanua dirishani. Na kijana wangu? Bado si mtu wa maneno mengi, lakini siku hizi hunijia mwenyewe.

Labda nawe kuna mtu nyumbani amelegea, na wewe unazidi kumwaga. Leo usiongeze. Tia kidole. Uliza, kisha usikilize. Kumbuka 1 Wakorintho 3:6: sisi hupanda na kutia maji, lakini anayekuza ni Mungu.

Baba, tufundishe kuwapenda watu wetu kwa kuwasikiliza. Katika jina la Yesu.

Kama umepokea, sema Amina. Ubarikiwe.