Walimu na mahindi

Jana geto, hapa Iyunga, tulikuwa tunajipima maswali ya usaili, nikachemsha.

Walimu wote ni wasomi. Baadhi ya wasomi ni wakulima. Je, baadhi ya walimu ni wakulima?

Fasta nikajibu ndiyo. Si mama ni mwalimu, na mahindi yake ndiyo yamenisomesha?

Mshkaji akachora miduara: wakulima wanaweza kukaa ndani ya wasomi bila kuwagusa walimu. Kwa hiyo haifuati. Ni kama A > B na B < C: A na C huwezi kuwalinganisha.

Tangu 2025 walimu nao wanasailiwa na Sekretarieti ya Ajira, swali moja linatia kitumbua mchanga.

Nikampigia mama. Akacheka: "Mwanangu, soma kilichoandikwa, siyo unachokijua."