Risasi za Duara la Kijani

Katika miaka niliyoitumikia King's African Rifles wakati wa vita vikuu vya pili, kazi yangu haikuwa kupiga bunduki bali kuzihifadhi na kuzigawa risasi zake, nami nikazoea kuitambua kila risasi kwa kitako chake, ambako fataki huzungukwa na duara la rangi: zambarau kwa risasi ya kawaida, nyekundu kwa ile iachayo mkia wa moto, samawati kwa iwashayo, na kijani kwa ile iliyopigwa muhuri wa herufi W, ambayo sisi wa bohari tuliiita risasi ya deraya.

Jina hilo liliwatia tamaa wengi. Askari akisikia iko risasi itoboayo chuma, hudhani kuwa kwa mwanadamu itazidi, akanijia kwa adabu zote: "Afande, nisaidie za kijani." Nami humjibu, "Mwanangu, kifaru umekiona wapi?"

Siri ya risasi hiyo ya kijani haimo katika baruti, bali katika kiini cha chuma kigumu kilichovikwa madini laini ya risasi, kisha ganda la nje. Nilipata kufukua kimoja katika tuta la shabaha: ganda limechanika, risasi imesagika, na kiini kizima, kikali hata kuchora kioo. Ya kawaida, ambayo ncha yake ni nyepesi na uzito wake uko nyuma, hupinduka ikiingia mwilini na kuacha jeraha baya zaidi. Kwa hiyo aliyeomba kijani alikuwa akijipunja mwenyewe.

Bunduki kubwa ya Boys, yenye uzito wa kilo 16 hivi na teke ambalo kila bega lililijua, ilikuwa na risasi yake ya deraya, nayo ilivifaa vifaru vidogo vya Waitalia, vile vya CV.33, ambavyo deraya yake haikuzidi milimita 15. Vifaru viliponenepa, haikufaa tena, na mahali pake pakashikwa na silaha ya kurushia bomu iitwayo PIAT, ambayo bomu lake halitegemei mbio: baruti yake, iliyofinyangwa na shimo mbele mfano wa faneli, hulipuka juu ya bamba na kurusha mchirizi wa madini upenyao.

Karani wetu akaliandika bomu hilo katika safu ileile ya risasi za deraya daftarini, kwa hoja kwamba vyote hutoboa. Sikukubali, maana kiini huzeeka polepole lakini baruti ile huhitaji ukaguzi wake; nikaifuta safu, nikalifungulia bomu ukurasa wake.