Moshi Usio wa Porini

Ikifika Julai, Mpanda inanuka moshi. Ilikuwa hivyo mwaka 1987, tukiwa bado Mkoa wa Rukwa, na ndivyo ilivyo leo ndani ya Mkoa wa Katavi uliozaliwa mwaka 2012. Nyasi zimekauka, pori linaungua huku na kule, na jioni jua linazama jekundu. Ukisema unasikia harufu ya moshi, watu wanakutazama kama umesema maji yamelowa.

Nami kazi yangu ilikuwa pua. Nilikuwa mteuzi wa tumbaku. Wenzetu wa Songea wanalima tumbaku ya moshi, inayokaushwa juu ya moto wenyewe. Yetu ni ya mvuke: moto unawashwa tanurini, joto linapita katika mabomba ndani ya bani, moshi unatokea nje. Bomba likitoboka, jani linashika moshi. Mkulima ataapa kwamba bani lake ni zima, mimi nanusa jani, nashusha daraja. Nilichukiwa vya kutosha.

Asubuhi moja mwaka huo wa 1987 nilikuwa naitwa Tabora kwa haraka, nikapata nafasi kwenye ndege ndogo ya injini moja. Tulikuwa abiria wanne na mtoto mchanga: mtawa mmoja, mama wa mtoto, ofisa mmoja aliyevaa Kaunda suti, na mimi nyuma ya rubani. Kulikuwa na baridi ya kukaza vidole. Tulipokwisha kupanda juu, rubani akavuta kitasa, hewa ya joto ikaanza kutupuliza miguuni. Sote tulifurahi.

Tulikuwa tumeipita Katumba, tunaelekea pori la Mto Ugalla, nilipoinasa harufu ya moshi. Chini kweli kulikuwa na mioto miwili mitatu. Ofisa aliniona nikinusanusa, akapaza sauti kushinda injini: “Moto wa porini, kijana!” Nikanyamaza. Alikuwa mkubwa kwangu kwa umri na kwa cheo, na mimi ndege nilikuwa napanda mara ya pili.

Lakini moshi wa nyasi ni mtamu kidogo, na ukishaupita unaisha. Huu ulikuwa mkali, na ulikuwa unatoka chini, kwenye lile joto. Harufu ya lori lililotoboka ekzosi. Kichwa kikaanza kunigonga kwenye paji. Sista alikuwa amefumba macho; nilidhani anasali. Mtoto aliyelia tangu uwanjani alikuwa kimya, na kimya kile sikukipenda.

Nadhani nilikaa dakika tano nikibishana na adabu yangu. Sizionei fahari dakika hizo.

Nikamgusa rubani begani. “Kapteni, kuna harufu.” Akaonyesha mioto chini. Nikainama hadi sikioni kwake: “Si ya nje. Inakuja na joto lako. Na kichwa kinaniuma.” Hilo la kichwa ndilo lililomgeuza; baadaye alikiri kwamba chake pia kilikuwa kizito, akadhani ni usingizi. Akasukuma kitasa, joto likakatika, akafungua dirisha lake dogo na matundu yote ya hewa. Baridi ikatuvamia kama maji. Kisha akageuza ndege kurudi Mpanda. Mtoto alianza kulia kabla hatujauona uwanja, na mama yake akacheka huku machozi yanamtoka.

Fundi alipokuja alikuta ufa kwenye bomba la moshi wa injini. Alinieleza kwamba hewa ya kupasha joto hupitishwa kuzunguka bomba hilo la moto kabla ya kuingia ndani. Nikamwambia: basi hili ni bani.

Miaka mingi nilijisifu kwa pua ile. Halafu, Januari 2019, mchezaji wa soka Emiliano Sala akafa katika ajali ya ndege ndogo iliyokuwa ikitoka Nantes kwenda Cardiff. Wachunguzi wa Uingereza walipima damu yake wakakuta asilimia 58 ya himoglobini imeshikwa na kaboni monoksaidi, gesi ambayo inaing’ang’ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Gesi yenyewe haina harufu hata kidogo. Nilichonusa mimi kilikuwa wafuasi wake tu, na kama wasingefuatana naye, ningesinzia pamoja na Sista. Siku hizi kuna vifaa vidogo vinavyobandikwa mbele ya rubani na kubadilika rangi gesi hiyo ikiwepo. Havina adabu ya kumwogopa ofisa.

Siku ile ya 1987 uwanjani, mfanyakazi mmoja alileta karatasi kuandika kilichotokea. Aliandika kwa mwandiko mzuri: “Abiria mmoja alilalamika kuhusu harufu.” Nikamwomba afute. Mkulima niliyemshushia daraja ndiye anayelalamika, nikamwambia. Mimi sikulalamika, nimetoa taarifa. Alinitazama kwa muda, akaona sitaki mchezo, akakata neno lile kwa mstari mmoja na kuandika “alitoa taarifa” juu yake. Nikatia sahihi. Kisha nikaenda stesheni kuuliza treni ya Kaliua.